Safari ya Bwindi: Tiba ya Mnyamapori Huanzia Nyumbani kwa Mtu

 

Jioni ya leo nataka kuzungumza na vijana, lakini wazazi msiondoke. Na wewe mfugaji usiondoke, maana kabla hatujaagana utaona kwamba mazungumzo haya yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Mimi ni daktari wa mifugo. Wanafunzi wa fani hii hunijia mara kwa mara na ombi linalofanana: "Mwalimu, nataka kwenda nje ya nchi nikajifunze kutibu wanyamapori. Niende wapi? Nitajifunza nini huko? Na nikirudi, nitafaa nini?" Ni maswali mazuri, na kijana anayeyauliza anastahili jibu la kweli.

Nitayajibu kwa kuwapeleka mahali pamoja tu: msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda. Tutazungumza mambo matatu. La kwanza, kwa nini Bwindi. La pili, mwanafunzi akifika kule anakuta nini. La tatu, arudi nyumbani na nini. Na ukisahau mengine yote, shika hili moja nitakalolirudia: tiba ya mnyamapori huanzia nyumbani kwa mtu.

Haya, tuanze na la kwanza. Kwa nini Bwindi?

Kijana wetu akisikia "nje ya nchi", mawazo yake yanapanda ndege. Anaiwaza London, anaiwaza Marekani. Siwakatazi. Vyuo vya huko vina maabara nzuri na walimu hodari. Lakini tujiulize: mwanafunzi wa udaktari wa wanyama wa Uingereza au wa Marekani, akitaka kumwona tembo, faru au gorila akiishi porini kwake, anakwenda wapi? Anakuja huku kwetu. Anachanga fedha, anaomba ufadhili, anasafiri mpaka Afrika kutafuta darasa ambalo wewe, kijana wa Karagwe, unalifikia kwa basi. Kutoka Bukoba unavuka mpaka wa Mutukula, unapita Masaka, unapita Mbarara, unaingia Kabale, kisha unaanza kupanda milima. Umeshafika nje ya nchi. Sheria ni nyingine, fedha ni nyingine, uongozi wa hifadhi ni mwingine. Na ukiwasikia Wakiga wakizungumza, wewe uliyekua na Kinyambo au Kihaya utashangaa kwamba mengi unayaelewa.

Bwindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na mwaka 1994 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Humo ndani wanaishi gorila wa milimani, wanaokaribia nusu ya gorila wote wa aina hiyo waliobaki duniani. Wenzao wako katika milima ya volkano ya Virunga, pale Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Miaka ya mwanzo ya 1980, gorila wa Virunga walikuwa kama 250 tu, na watu wengi waliamini kwamba wanakwisha. Leo, ukijumlisha Virunga na Bwindi, wamezidi 1,000. Mwaka 2018 waliondolewa katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa, wakawekwa daraja moja nafuu zaidi. Bado wako hatarini, lakini wanaongezeka.

Wameongezekaje? Walinzi wanaoingia msituni kila siku wamechangia. Fedha za watalii zimechangia. Na madaktari wa wanyama wamechangia, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Nikupe kisa. Mwaka 1996, gorila wa kundi moja la Bwindi walionekana wakijikuna bila kupumzika. Manyoya yalikuwa yanapukutika, ngozi imefanya magamba meupe. Mtoto mmoja wa gorila alikuwa hoi mgongoni kwa mama yake. Daktari aliyeitwa alikuwa binti wa Uganda, kijana sana, aliyekuwa amehitimu katika Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Wanyama cha London na kurudi kwao kuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika hifadhi za taifa za Uganda. Jina lake Gladys Kalema-Zikusoka.

Sasa angefanya nini?  Akafanya jambo ambalo nawaomba wanafunzi mlisikie vizuri: alikwenda kumuuliza daktari wa binadamu. Alimuuliza ugonjwa wa ngozi unaowasumbua zaidi watu wetu ni upi. Jibu likawa upele. Na kweli, vipimo vilionyesha ni upele. Yule mtoto alikufa. Waliobaki walitibiwa kwa dawa ya ivamektini, dawa ambayo mfugaji unaijua, maana hata ng'ombe wako huchomwa hiyo, na wakapona.

Lakini upele ulitoka wapi? Gorila walikuwa wakitoka msituni kufuata migomba kwenye mashamba ya watu. Mashambani kulikuwa na vinyago vilivyovikwa nguo kuukuu, vya kuwatisha wanyama. Gorila wakazishika zile nguo. Na nguo zilitoka kwa familia maskini, zilizoishi mbali na zahanati, zenye watoto waliojikuna usiku kucha bila dawa.

Umeona, ndugu msikilizaji? Ukimtibu gorila ukaiacha ile nyumba vilevile, utarudi kumtibu tena mwakani. Daktari Gladys alilielewa hilo, na mwaka 2003, pamoja na wenzake, alianzisha shirika linalounganisha afya ya watu na uhifadhi wa wanyama, ambalo mpaka leo linafanya kazi Bwindi. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulimtunuku tuzo ya Bingwa wa Dunia katika mazingira. Alikwenda London kusomea udaktari, ndiyo. Somo lililoitengeneza kazi yake yote alilipata shambani kwa mkulima. Ndiyo maana nasema, na nitarudia: tiba ya mnyamapori huanzia nyumbani kwa mtu.

Twende sasa kwenye jambo la pili. Mwanafunzi akifika kule, anakuta nini?

Wengi huenda na picha moja kichwani: daktari ameshika bunduki ya kurushia sindano ya usingizi, mnyama mkubwa anaanguka, kamera zinapiga picha. Kazi hiyo ipo, na ni kazi ya heshima. Dawa wanayolazwa nayo faru na tembo, iitwayo etofini, ina nguvu mara maelfu kuliko mofini ya hospitali. Tone dogo likimwingia mtu kwenye kidonda linaweza kumuua. Kwa hiyo daktari hafanyi kazi hiyo peke yake, na dawa ya kuizimua huandaliwa kabla sindano ya kwanza haijarushwa. Lakini dawa ya faru siyo dawa ya gorila. Gorila yuko na jamaa zake, tena kwenye mteremko wenye miba na ukungu. Ukimlaza mmoja ili umtoe waya wa mtego mkononi, baba wa kundi, yule dume mwenye mgongo wa rangi ya fedha, atakuja kuuliza. Inabidi watafuta nyayo wasimame katikati, waizuie familia nzima kwa utaratibu, huku daktari akikata waya, akisafisha kidonda, akichukua damu, akimwamsha mgonjwa. Wakati wote huo saa inahesabu.

Je, mwanafunzi ataiona kazi hiyo? Pengine. Pengine asiione kabisa. Kwa kawaida madaktari wa gorila huingilia kati pale tu maisha ya mnyama yanapokuwa hatarini, au pale madhara yanapokuwa yametokana na binadamu. Mafua madogo huachwa yapite. Kidonda cha kupigana porini huangaliwa kwa mbali. Kuna siku daktari anapanda mlima kwa saa tano, anamwangalia mgonjwa kwa darubini, anaandika, anashuka. Hajagusa kitu, na amefanya kazi yake barabara.

Kisha kuna mtihani wa asubuhi. Kabla ya kuingia msituni kila mtu anaulizwa: una mafua? Unakohoa? Unaharisha? Fikiria wewe ni mwanafunzi. Umesafiri siku mbili kwenye basi, umelipa nauli ya kuungaunga, wenzako wamevaa gambuti tayari, na koo lako linawasha. Utasema? Hapo ndipo tunapojua kama wewe ni daktari. Gorila ni jamaa yetu wa karibu kimwili, magonjwa yetu ya kifua humwingia, na kinga yetu hana. Mwaka 2009 huko Rwanda, kirusi cha njia ya hewa kinachotokana na binadamu kiligundulika kwa gorila waliokufa baada ya kundi lao kuugua. Kwa sababu hiyo watu huvaa barakoa, hukaa mbali mita 10, na kila kundi hupokea wageni wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja tu. Mwanafunzi anayesema "leo naumwa, nitabaki" amefaulu somo la kwanza. Sote tumeyasoma maneno yale kwenye kuta za zahanati, kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Bwindi unayatimiza kwa kubaki kambini.

Waliobaki kambini nao wana kazi. Gorila hutengeneza kitanda kipya cha majani kila usiku. Asubuhi wakiondoka, watafuta nyayo hukusanya kinyesi kutoka kwenye vile vitanda, na kinapelekwa maabara kutafutwa minyoo na vijidudu. Kinyesi cha ng'ombe wa jirani nacho hupimwa. Cha binadamu vilevile. Halafu majibu huwekwa mezani pamoja: je, minyoo iliyo kwa gorila ndiyo iliyo kwa mbuzi? Ndiyo iliyo kwa mtoto? Hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya daktari wa wanyamapori. Haipigwi picha, lakini ndiyo inayojulisha hatari kabla gorila hajaanza kujikuna.

Mchana, mwanafunzi anatembea kijijini. Anafuatana na wahudumu wa kujitolea, watu wa hapohapo, wanaopita nyumba kwa nyumba. Wanabisha hodi, wanasalimia, wanakaa. Wanauliza habari za choo, maji, watoto, kikohozi kisichokwisha, uzazi wa mpango. Mwishoni wanauliza kama gorila wamepita shambani wiki hii. Wapo na wanakijiji waliofunzwa kuwarudisha gorila msituni kwa utulivu, bila kuwapiga. Mwanafunzi aliyedhani amekuja kwa ajili ya wanyama anajikuta ameketi kwenye kigoda, anajadili shimo la choo. Na hilo, vijana wangu, ndilo somo mlilolipia nauli.

Nina jingine, na ni zito. Msitu ule ulipofanywa hifadhi mwaka 1991, Wabatwa waliotolewa humo walipoteza makao yao. Ndio waliokuwa wakiishi kwa msitu huo: asali yake, dawa zake, nyama yake. Wakabaki bila ardhi, pembeni mwa mashamba ya wengine. Miaka ya mwanzo ya 2000 kliniki ilianzishwa chini ya mti kwa ajili yao, na leo kliniki ile imekua kuwa hospitali ya jamii inayohudumia eneo zima. Lakini ardhi haikurudi. Mwanafunzi wa uhifadhi ni lazima alisikie hili kutoka kwa Wabatwa wenyewe, asilisome tu kwenye ripoti. Ukiwapenda gorila na usimwone mtu aliyeupoteza msitu ili gorila wapone, hujajifunza uhifadhi bado.

Ndugu msikilizaji, kama umejiunga nasi sasa hivi, tunazungumzia safari ya mwanafunzi kwenda nje ya nchi kujifunza tiba ya wanyamapori. Tumeshaona kwa nini Bwindi, na tumeona anachokikuta kule. Sasa jambo la tatu: arudi nyumbani na nini?

Arudi na macho mapya ya kutazama kwao. Maana akirudi Tanzania, au Kenya, atakuta kwamba historia yetu wenyewe imelisema jambo lilelile kwa sauti kubwa.

Wazee wa wafugaji wanalijua jina la sotoka. Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa huo ulipita katika nchi zetu ukafyeka ng'ombe, na pamoja nao nyati na nyumbu. Maboma yalibaki matupu, njaa ikafuata. Miaka mingi baadaye, katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya ng'ombe iliyofanya kazi kwelikweli. Ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti wakachanjwa. Sikiliza kilichotokea: nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipita milioni moja kabla miaka ya 1970 haijaisha. Nani alimchanja nyumbu? Hakuna. Aliyechanjwa ni ng'ombe wa jirani yake. Kundi lile ambalo dunia nzima huja kulitazama likivuka mto Mara lina deni kwa mfugaji aliyekubali kupeleka ng'ombe wake kwenye chanjo. Sotoka yenyewe ilionekana mara ya mwisho mwaka 2001, kwa nyati wa hifadhi ya Meru nchini Kenya, na mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili kufutwa na binadamu, baada ya ndui.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Mwaka 1994, simba wa Serengeti walianza kuyumba, kutetemeka na kufa. Takriban theluthi moja ya simba wote wa Serengeti walikufa. Kirusi kilikuwa cha distempa, ugonjwa wa mbwa, na vijiji jirani vilikuwa na mbwa wengi wasiochanjwa. Ukame uliotangulia ulikuwa umewadhoofisha nyati na kuwajaza kupe. Simba waliowala nyati hao wakapata vimelea vinavyoenezwa na kupe juu ya kile kirusi, na ndiyo maana wakafa wengi namna ile. Tangu hapo mbwa wa vijiji vya kando ya hifadhi wamekuwa wakichanjwa. Kazi haijaisha, kwa sababu kirusi hicho huzunguka pia kwa wanyama wengine wa porini. Lakini chanjo iliyotolewa sambamba, ya kichaa cha mbwa, imewaokoa watoto wa vijiji hivyo na kifo kibaya kuliko vingi. Daktari alikwenda kwa ajili ya simba, akamwokoa mtoto.

Kwa hiyo narudia, kwa mara ya tatu, na sasa nadhani unaniamini: tiba ya mnyamapori huanzia nyumbani kwa mtu. Gorila, ilikuwa nguo ya shambani. Nyumbu, alikuwa ng'ombe wa bomani. Simba, alikuwa mbwa wa mlangoni.

Kabla sijaaga, nina maneno ya kutendea kazi.

Mwanafunzi, usiende kama mtalii mwenye koti jeupe. Uliza kabla ya kulipa: nani atanifundisha? Nitashika kazi gani? Wenyeji wa pale wanafaidika nini na ujio wangu? Mahali pa kukukabidhi mtoto wa mnyama umpakate upige picha hapafundishi uhifadhi, hata bei ikiwa kubwa. Tayarisha hati yako ya kusafiria, chanjo ya homa ya manjano, na kwa sababu ya kazi yako, chanjo ya kichaa cha mbwa. Jifunze salamu za wenyeji. Na beba daftari. Andika kila siku ulichoona, maana chuoni utaulizwa, na wenzako ambao hawakupata nauli wana haki ya kujifunza kupitia kwako.

Mzazi, mtoto akikuambia anataka kwenda Uganda, Rwanda au Kenya kusomea wanyama, usimwambie kwamba huko si Ulaya. Kwa fani hii amechagua vizuri. Na binti akikuambia hivyo, umsikilize vilevile. Mfano wa binti nimekupa.

Walimu na wakuu wa vyuo, mipaka yetu ina madaraja na mabasi. Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kimewapokea vijana wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1963. Vyuo vikuu vya Morogoro, Nairobi na Makerere vyote vinafundisha madaktari wa wanyama. Tubadilishane wanafunzi kila mwaka. Wa Uganda waje kuona nyumbu na ng'ombe wa Ngorongoro, wa kwetu waende kuona gorila na migomba ya Wakiga. Gharama yake ni ndogo kuliko tiketi za ndege tunazozihangaikia.

Na wewe mfugaji, wewe mkulima wa kando ya hifadhi, nilikuahidi kwamba mazungumzo haya yanakuhusu. Siku ya chanjo ikitangazwa, mpeleke mbwa, tena mpeleke na yule asiye na mwenyewe anayelala kibandani kwako. Peleka mbuzi, peleka ng'ombe. Na ukisikia hodi, ukakuta kijana mwenye daftari na glavu anauliza habari za zizi lako na afya ya watoto wako, mkaribishe, mpe kiti, mjibu kwa ukweli. Usimwone kama mtu aliyepotea njia ya porini. Amefika kazini kwake, na anakuhitaji umfundishe.